Mwasema ni Manyoya

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wafuga paka, Mji wa Kale, Mombasa)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Naona nyuso nilizozizoea, kwa hivyo wengine mtanisikia nikirudia maneno yaleyale. Nitarudia. Juzi tu nimeletewa paka, siku sita hakikai kitu tumboni mwake. Nikauliza, "Mlidhani ana nini?" Jibu mnalijua: "Daktari, tulidhani ni manyoya."

Paka atapika zuliani, mtu achukua tambara, apangusa, asema "manyoya hayo", mambo yamekwisha. Hakuna aliyetazama. Leo sikuja na ombi lingine: tazameni kabla ya kupangusa.

Haya, manyoya yenyewe. Ulimi wa paka ukikulamba ni kama msasa. Ile ni miiba midogo iliyoelekea kooni, ya kitu kilekile kilichotengeneza kucha zako. Anapojilamba, unywele ulionaswa hauna njia ya kurudi nje, lazima aumeze. Tumbo haliwezi kuuyeyusha. Kwa paka mzima, mwingi hushuka na chakula ukatoka na kinyesi. Chache zikibaki tumboni husokotana, na siku moja azirudishe alikoziingiza. Zikitoka, huwa kitu kirefu chembamba, mfano wa kipande cha kamba ya usumba kilicholowa, kwa sababu kimebanwa kooni. Ukiona povu jeupe, au maji ya manjano ya nyongo, au wali wa jana, hayo si manyoya. Na unywele mmojammoja ndani ya povu usikudanganye. Mnyama anayejilamba kutwa, chochote atakachotapika kitakuwa na unywele. Hata mchuzi wangu nyumbani una unywele wa paka. (Kicheko.) Mwacheka, nyinyi wenu hauna?

Najua kuna mtu hapo nyuma asema, "Wangu ni wa Kiajemi, ana manyoya kama zulia." Sawa. Huyo mchane kila siku, na akitoa msokoto mmoja baada ya wiki kadhaa sitabishana nawe. Lakini huyu wetu wa Marikiti, manyoya mafupi, mwembamba kama uzi, atapike kila wiki kwa manyoya gani? Na hata kama kweli ni manyoya, swali ni kwa nini tumbo lake halisukumi tena. Mara nyingi utumbo wenyewe umevimba kwa ndani kwa muda mrefu, na kwa paka wazee yaweza kuwa saratani ya utumbo inayokwenda polepole. Wewe wampanguzia zulia mwaka mzima, naye ayeyuka mbele ya macho yako.

Basi niwape kisa cha kofia. Mliokisikia vumilieni.

Kijana mmoja wa Kibokoni, kazi yake kushona kofia za mkono. Paka wake aitwa Kashata. Ijumaa Kashata atapika povu. Jumamosi tena. Nyumba nzima yakubaliana: manyoya. Bibi amtilia kijiko cha samli, eti yateleze. Jumapili atapika samli na povu. Jumatatu jirani asema samli haitoshi, jaribuni mafuta ya uto. Jumanne ndiyo naletewa mimi, paka amejikunja pembeni ya kapu, ukimgusa tumbo anguruma.

Nikamfungua mdomo. Sasa hapa tazameni mkono wangu: kidole gumba chini ya kidevu, sukuma juu, ulimi unainuka. Chini ya ulimi kulikuwa na uzi mweupe, umekaza, umezama ndani ya nyama. Uzi wa kofia. Aliuchezea, ukamzunguka shina la ulimi, na ncha nyingine akaimeza, ikashuka mpaka matumboni. Sasa utumbo kazi yake ni kusukuma. Wasukuma uzi, uzi hauendi, umefungwa huku juu. Basi utumbo wenyewe ndio unaoupanda uzi. Mwaijua suruali ya kamba? Ukiivuta kamba, kitambaa chote hujikusanya vikunjo vikunjo kiunoni. Hivyo hivyo. Na kila utumbo ukijaribu tena, ule uzi wakata kama msumeno.

Tukampasua. Utumbo ulikuwa umeshatoboka mahali pawili. Alipona, alhamdulillahi, ingawa siku tatu za kwanza sikumwambia kijana hivyo. Na yeye aliniuliza nini? "Daktari, ningeuona ule uzi mapema, si ningeuvuta tu?" Nilimpigia kelele mpaka mgonjwa wa pili akakimbilia chini ya kabati. Usivute! Ukiuona mdomoni, usivute. Ukiuona waning'inia nyuma, usivute. Wauvuta uzi, naye utumbo wamkatika ndani. Mfunike kapuni, mlete. Kofia yenyewe aliimaliza, akampa mume wangu zawadi. Kila Ijumaa akiivaa, mimi nautazama ule mshono tu.

Halafu samli. Paka amelegea, wamfungua mdomo kwa nguvu, wamimina mafuta. Yataingia wapi? Yakikosea njia yaingia mapafuni, na sasa una paka mwenye ugonjwa wa utumbo na ugonjwa wa mapafu, wa pili umempa wewe. Na Panadol! Nusu kidonge tu chaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama letu. Damu yake yashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo. Hakuna kipimo kidogo cha salama. Nyumbani hakuna.

Mtu ataniambia wazee wetu walifuga paka bila daktari. Walifuga, ndiyo. Paka akiugua alikuwa akitoweka, watu wakasema "amehama". Na kila nikitaja gharama kuna mzee huniletea Abu Hurayra, yule sahaba wa Mtume aliyependa paka. Naye nampenda, lakini katika hadithi hizohizo yumo mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Tusichague.

Muda... Naambiwa dakika kumi. Nilikuwa na karatasi mbili zaidi, basi nikimbie.

Tofautisheni vitu vitatu. Kutapika ni tumbo kuvuta, mbavu zinapanda na kushuka, ndipo kitu kinatoka. Kucheua hakuna jitihada: ainamisha kichwa, chakula kinateleza kizimakizima. Mara nyingi amekula kwa pupa, mpe kidogokidogo. Cha tatu ni kukohoa: amejikunyata hivi, shingo mbele, kh-kh-kh, halafu hakitoki kitu. (Kicheko.) Hakitoki kitu! Huyo mwamwita wa manyoya, kumbe yawezekana ana pumu. Mchukueni video kwa simu, itanisaidia kuliko maelezo yenu.

Paka mzee anayekunywa maji sana na kutapika, figo. Mzee anayekula kupita kiasi huku akikonda, tezi ya shingo. Kitoto kisichochanjwa kikitapika na kulala kifudifudi penye bakuli la maji, usisubiri kesho. Maua ya lili msiweke nyumbani, hata maji ya chombo chake ni sumu ya figo. Mchuzi wenye vitunguu, hapana. Mnene asiyekula siku mbili, lete, ini lake litajaa mafuta. Minyoo na mijusi kafiri tuache, nitakuja tena mkinialika.

Swali moja. Ndiyo, mama mwenye buibui, huko nyuma.

Dume? Ametapika tangu asubuhi. Maji tu. Na ule mchanga wake wa choo, aenda mara ngapi? Aenda aenda, halafu achuchumaa akilia. Mkojo umeuona? Hata tone?

Mama, huyo hana manyoya. Njia ya mkojo imeziba, na sumu inarudi kwenye damu. Usingoje tumalize, wala usingoje chai. Kijana, mshikie mama mkoba, mwite tuktuk hapo nje. Mimi nawafuata sasa hivi, viti watapanga wengine.