Kwa nini mzee wa mieleka ya mkono anamlaza kijana wa jimu

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani, karibuni tena. Wengi mmeuliza inakuwaje mtu wa miaka 50 anamlaza mezani kijana mwenye mkono mnene kama paja.

Jibu liko kwenye kano. Msuli ukiufanyisha kazi, baada ya miezi michache unauona kwenye kioo. Kano, zile kamba ngumu zinazoufunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo, kwa hiyo hukomaa polepole, kwa miaka. Kijana anapakia msuli mkubwa kwenye kano changa, halafu kiwiko kinaanza kuuma upande wa ndani. Maumivu hayo yakishakaa, hayatoki kwa wiki mbili.

Mtazameni John Brzenk, bingwa wa mieleka ya mkono wa Marekani. Mwaka 1986 alishinda zawadi ya lori zima kwenye mashindano pale Las Vegas, na alipovuka miaka 55 bado alikuwa anapanda mezani. Silaha yake kubwa ni kiganja.

Angalieni toproli, mbinu ya kumfungua mpinzani vidole, inavyofanywa. Mkongwe anashika juu kadiri refa anavyomruhusu. Refa akiachia, anavuta kwanza kuelekea kwake, huku akigeuza kiganja kitazame chini, ili nguvu yote iangukie kwenye ncha za vidole vya mpinzani. Vidole vinafunguka, kifundo cha mkono kinalala nyuma. Hapo kijana hata awe na msuli wa aina gani, nguvu yake haina pa kupitia. Mbinu nyingine, kulabu, ni kinyume chake: kifundo kinakunjwa kwa ndani, na mzigo unahamia kwenye kiwiko.

Sasa hili nawaomba mlisikilize vizuri, wadogo zangu. Mfupa wa juu ya kiwiko huvunjika pale mwili unapogeuka kuelekea upande wa kumlazia mpinzani huku mkono umebaki nyuma. Bega linasokota huku, mkono umekwama kule, na mfupa unapasuka kwa kuzunguka, kama kuni uliyoinyonga kwa mikono miwili. Neva inayoinua kiganja inapita palepale, ikiumia kiganja kinaning'inia. Kwa hiyo macho yasiuache mkono wako, na kifua kiufuate. Ukiona bega limetangulia, achia. Kushindwa raundi moja si kitu, mbele ya mfupa.

Mazoezi? Funga mkanda kwenye uzito mdogo, uzungushe kwenye kiganja karibu na shina la kidole gumba, kisha geuza kiganja chini taratibu, mara 15 hadi 20, seti 3. Ongeza na kukunja kifundo kwa dambeli, ukishusha polepole kuliko unavyopandisha. Mezani kwa nguvu zote, mara moja kwa wiki inamtosha anayeanza. Kosa ninaloliona sana ni watu kuvutana kila jioni kwa sababu raha imewakolea.

Asubuhi inayofuata, bonyeza kile kimfupa kilichochomoza upande wa ndani wa kiwiko, kisha kunja ngumi. Pakiuma, siku hiyo meza hapana, fanya mazoezi mepesi tu. Wenye meza tayari nitumieni video ya jinsi mnavyoshikana, nitaanza kuangalia kifundo.