Manna Dey: sauti ya Kolkata katika vinywa vya wengine

Mabibi na mabwana, wapenzi wa nyimbo za Kihindi,

Wengi wetu hapa tunaujua wimbo wa marafiki wawili juu ya pikipiki katika Sholay, filamu ya 1975. Tukiulizwa nani kaimba, tutawataja Amitabh na Dharmendra. Hao walichezesha midomo tu. Sauti moja ni ya Kishore Kumar na ya pili ni ya Manna Dey. Leo nazungumzia huyo wa pili.

Jina lake la kuzaliwa ni Prabodh Chandra Dey. Alizaliwa Kolkata, jiji la Bengal, mashariki mwa India, tarehe 1 Mei 1919, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa ami yake, Krishna Chandra Dey, mwimbaji kipofu aliyekuwa maarufu Bengal nzima. Ami huyo ana nafasi yake katika historia ya ufundi tunaouzungumzia, yaani kuwaimbia waigizaji wa sinema. Zamani mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera huku wapiga ala wamejificha nyuma ya miti au pazia. Mwaka 1935 studio ya New Theatres ya Kolkata ilitengeneza Bhagya Chakra, na kwa Kihindi ikaitwa Dhoop Chhaon. Nyimbo zikarekodiwa kwanza, kisha mwigizaji akazifuatisha kwa midomo. Krishna Chandra Dey alikuwa miongoni mwa walioimba humo. Kwa hiyo kazi ambayo kijana huyu angeifanya maisha yake yote ilizaliwa nyumbani kwao, tunaweza kusema.

Tuitazame kazi yenyewe kama ilivyokuwa zama zake. Mtunzi wa muziki huketi na harmoniamu akamwimbia mwimbaji kiitikio mpaka kimkae, halafu beti. Mwimbaji huandika maneno na kuweka alama mahali pa kuvuta pumzi. Alama hizo ni muhimu kuliko zinavyoonekana, kwa sababu mwigizaji naye atalazimika kuvuta pumzi papo hapo. Akikosea, watazamaji wataona kifua kinapanda na sauti bado inatoka. Siku ya kurekodi, mwimbaji na okestra nzima hupiga pamoja, mwanzo hadi mwisho, kwa mkupuo mmoja. Hakukuwa na kukata kipande kibovu na kubandika kizuri. Mpiga fidla wa safu ya nyuma akiteleza katika dakika ya tatu, wote wanaanza upya, na mwimbaji lazima alete hisia zilezile kana kwamba hajachoka. Wimbo wenyewe haukuzidi sana dakika tatu na ushei, maana upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika haukubeba zaidi ya hapo. Herufi kama p na bh hutoa upepo unaogonga kipaza sauti, kwa hiyo mwimbaji mzoefu hugeuza uso kidogo anapozifikia. Kisha wimbo hupelekwa kwenye upigaji picha na kufunguliwa kwa sauti kubwa. Kamera isipokwenda sawasawa na mashine ya sauti, midomo hukimbia maneno.

Manna Dey aliingia katika kazi hii mwaka 1942, alipofuatana na ami yake kwenda Bombay, Mumbai ya leo. Mwaka uliofuata akapewa wimbo katika filamu ya Ram Rajya. Aliyekuwa akiimba kwenye picha ni Valmiki, mtawa mzee. Manna alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, lakini sauti yake ilikuwa imepikwa ikaiva, na watayarishaji wakaamua kwamba hiyo ni sauti ya wazee, watawa na ombaomba. Nadhani huo ndio uliokuwa mzigo wake mkubwa. Biashara ya Bombay ilipenda kila steringi awe na sauti yake: Raj Kapoor alikuwa na Mukesh, Dilip Kumar mara nyingi alikuwa na Mohammed Rafi. Manna hakuwa na steringi. Akaitwa pale wimbo ulipokuwa mgumu, na wimbo mgumu kwa kawaida haukuwa wa kijana anayemtongoza binti. Shree 420 ya 1955 na Chori Chori ya 1956, ambamo aliimba nyimbo za mapenzi kwa niaba ya Raj Kapoor, pamoja na mwimbaji Lata Mangeshkar, zinaonyesha kilichokuwa kikiachwa.

Yeye aliendelea kusoma. Huko Bombay alikuwa tayari anasikika redioni, na bado alikaa chini kama mwanafunzi mbele ya walimu wa muziki wa kale, Ustad Aman Ali Khan na Ustad Abdul Rahman Khan. Alipambana pia na matamshi. Kibengali hugeuza a kuwa o mahali pengi, v huwa bh na z huwa j, ilhali nyimbo za Bombay zilijaa Kiurdu chenye kh, gh na z za Kiarabu na Kiajemi. Watu wa pwani tunaielewa taabu hiyo: mtu akisema "zambi" penye "dhambi", sikio linamkamata palepale. Msikilizeni katika Ae Meri Zohra Jabeen ya filamu ya Waqt, 1965, mtafute Mbengali humo.

Mtihani wake unaosimuliwa zaidi ni wa filamu ya Basant Bahar, 1956. Hadithi ilitaka shujaa amshinde mwimbaji wa ikulu. Sauti ya mshindwa ilikuwa ya Bhimsen Joshi, mmoja wa mabingwa wakubwa wa muziki wa kale wa India, na Manna ndiye aliyetakiwa kumshinda. Alitishika akataka kuondoka mjini. Mkewe Sulochana ndiye aliyemtuliza. Akafanya mazoezi, akaimba, na watazamaji wakaukubali ushindi. Miaka kumi na miwili baadaye, katika filamu ya Padosan, mambo yakapinduka: alitakiwa ashindwe na Kishore Kumar, ambaye hakusomea raga, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa kale, kabisa. Kushindwa kwa ustadi, bila kuharibu noti hata moja, ni kazi nzito kuliko kushinda.

Lakini wimbo ninaoupenda kuliko yote ni Poochho Na Kaise wa 1963, muziki wa S. D. Burman. Maneno yanasema: usiulize nimeupitishaje usiku. Raga ni Ahir Bhairav, raga ya alfajiri, ambamo noti ya pili na ya saba hushushwa nusu hatua. Yaani sauti imesimama kwenye mapambazuko huku maneno yanautazama usiku uliokwisha. Mwimbaji asiyeijua raga angezililia noti hizo mbili. Manna anazigusa na kuziacha.

Nyumbani Bengal ndiko alikopata steringi, tena baada ya kungoja sana. Uttam Kumar, steringi wa sinema za Kibengali, alikuwa ameoana na sauti ya mwimbaji Hemanta Mukherjee. Mwaka 1966 mtunzi Sudhin Dasgupta akampa Manna nyimbo za filamu ya Shankhabela, na mwaka 1967 ikafuata Antony Firingee, habari za mshairi mwenye asili ya Kireno aliyeshindana na washairi wa Bengal kwa lugha yao. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama sauti hiyo inamfaa Uttam.

Serikali ya India ilimpa tuzo ya Dadasaheb Phalke, tuzo yake ya juu kabisa ya sinema, ya mwaka 2007. Alifariki Bangalore tarehe 24 Oktoba 2013, akiwa na miaka 94.

Sasa tutasikiliza santuri. Ya kwanza ni ya 1983, maneno ya Gauriprasanna Mazumder na muziki wa Suparnakanti Ghosh. Inawahusu marafiki waliokuwa wakikutana Coffee House ya Kolkata: mmoja yuko Paris, mwingine Dhaka, na mpiga gita kutoka Goa amelala kaburini. Haikutungiwa sinema. Manna alikuwa na miaka 64, na hakuna mwigizaji aliyesimama kati yake na sisi. Fundi, tafadhali.