Petroli ya Boti Imeandikwa Kitabu Gani?

*Mhadhara kwa madiwani, watendaji wa kata na walimu, Mwanza*

Waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji, walimu wangu: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Sitaeleza bajeti inavyotungwa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, hotuba inasomwa Dodoma mwezi Juni, hayo mnayasikia redioni hata mkiwa kwenye daladala ya Buhongwa. Nimekuja kwa ajili ya neno moja linalonikera tangu nikiwa karani wa hesabu. Neno lenyewe ni "maendeleo", pale linapoandikwa kwenye jalada la kitabu cha bajeti. Maana vitabu vyetu vya matumizi vimegawanywa: vingine ni vya matumizi ya kawaida, kingine ni cha matumizi ya maendeleo.

Nianze na boti. Walionisikia Magu na Sengerema wanaijua habari hii. Watanivumilia, kwa sababu jambo lenyewe halijatengenezwa.

Nilikuwa mhasibu wa halmashauri moja ya kando ya ziwa, jina naliacha. Tulikuwa na zahanati kisiwani. Mama akishikwa na uchungu usiku, alivushwa kwa mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, amelazwa juu ya nyavu mbichi. Tukaomba boti ya wagonjwa, tukapata. Boti ya fiba, nyeupe, injini ya arobaini, maboya ya kuokolea bado yamo kwenye nailoni. Utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, na bibi mmoja mkunga aliigusa boti ile kwa viganja vyote viwili kama anayepokea mtoto. Iliandikwa kwenye matumizi ya maendeleo, na ilistahili.

Sasa injini ile inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Inataka plagi. Inataka nahodha anayelipwa hata usiku ambao hakuitwa. Hivyo vyote kwa vitabu vyetu ni matumizi ya kawaida, tena vinaangukia kwenye kapu liitwalo "matumizi mengineyo". Oktoba fedha kutoka Hazina zikaja pungufu. Mshahara haukatwi, mradi unatazamwa na watu, basi panga likapita kwenye mengineyo. Karatasi ile niliisaini mimi.

Februari nilivuka kwenda kukagua stoo ya zahanati. Nikaikuta boti imepandishwa mchangani chini ya mkuyu, imefunikwa turubai, na juu ya turubai mama mmoja ameanika dagaa. Nikamuuliza, "Mama, boti haitembei?" Akasema, "Baba, inasubiri mafuta." Akaendelea kuwageuza dagaa wake kwa kiganja. Kisha, bila kuniangalia, akaniambia kwamba wiki ile binti wa jirani yake alivushwa kwa mtumbwi.

Najua mtu ataniambia, mzee, fedha hazikuwepo. Zilikuwepo! Mwaka ule ule, kwenye kitabu cha maendeleo, tulikuwa na mradi wa fedha za nje wenye semina, posho za vikao na dizeli ya magari, na vyote vililipwa mpaka senti ya mwisho. Dizeli ya kwenda semina ilihesabiwa kuwa maendeleo. Petroli ya kumvusha mzazi ikahesabiwa kuwa kawaida. Nimeishi na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini, na kila Juni linanirudia upya.

Tuelewane basi mgawanyo wenyewe unavyokwenda. Nendeni mwaloni Kirumba asubuhi. Gunia lile lile la dagaa, mmoja analiuliza limetoka wapi, Ukerewe au Goziba. Mwingine anauliza ni la kuliwa na watu au la chakula cha kuku. Wa tatu anafungua mdomo wa gunia aone ndani mna nini hasa, wakavu au wenye mchanga. Maswali matatu kwa gunia moja, na hakuna anayemwambia mwenzake amekosea kuuliza. Fedha ya serikali nayo huulizwa hivyo. Nani anatumia: hapo ndipo penye fungu, yaani namba ya mwenye kutumia, na vifungu vyake, na Mkoa wa Mwanza ni Fungu 81. Kwa kazi gani: elimu, afya, ulinzi. Inanunua nini: mshahara, petroli, jengo. Hili la tatu ndilo lililo kwenye kasma, yaani namba ya aina ya kitu kinachonunuliwa. Kasma zinazoanza na 21 ni malipo ya watumishi, za 22 ni bidhaa na huduma, za 31 ni mali kama majengo na mitambo. Boti ni 31, petroli ni 22. Namba hizo hazisifu wala hazilaumu. Zinasema kilichonunuliwa, basi.

Kawaida na maendeleo si swali la nne. Ni mpaka uliochorwa juu ya yale matatu, tena umepinda. Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu imekuwa ikiwekwa upande wa maendeleo, na mshahara wa mhadhiri anayewafundisha uko kawaida. Ukuta wa zahanati ya kata yako umo Juzuu la Nne, kitabu cha maendeleo; muuguzi aliye ndani ya ukuta huo yumo Juzuu la Tatu, kitabu cha matumizi ya kawaida ya mikoa. Fungua vitabu usiku kucha, hutawakuta kwenye ukurasa mmoja. Diwani atajuaje kwamba ameletewa ukuta bila muuguzi?

Mheshimiwa pale nyuma anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema: matumizi ya kawaida ndiko ziliko posho na magari ya wakubwa. Ni kweli, zimo. Ndiyo maana nasema soma kasma, usisome jalada. Ukiona safari na viburudisho vimezidi, kata hapo hapo, nami nitakupigia makofi. Ila ukikata "kawaida" kwa ujumla wake, mwenye safari atajua pa kujificha na petroli ya boti haitajua.

Mwaka 2023/24 bajeti ya Serikali ilikuwa shilingi trilioni 44.39: kawaida trilioni 30.31, maendeleo trilioni 14.08. Nikiwa Makoroboi nilimsikia kijana akisema theluthi mbili za fedha yetu zinaliwa. Haziliwi, mwanangu. Ndani ya hizo 30.31 yumo mwalimu wako na nesi wa mama yako. Limo pia deni la taifa, Fungu 22, na hapa nipite haraka: kulipa riba ni matumizi, lakini kurudisha mkopo wenyewe, kwa mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2014, si matumizi, ni kupunguza dhima, yaani deni lililo shingoni mwetu. Sisi tunavijumlisha vyote kwenye trilioni hizo hizo. Hilo peke yake lingetosha mhadhara mzima.

Mambo haya si ya kushindikana. Kwenye barabara tulikwishafungua macho. Tozo ya mafuta inaingia Mfuko wa Barabara, na kazi kubwa ya mfuko huo ni matengenezo, kwa sababu tulichoka kujenga lami na kuiacha ioze. Kwa nini boti ya wagonjwa na pampu ya maji ya kijiji zisiwe na ulinzi wa namna hiyo? Sijapata jibu, na nimeuliza mbele ya watu wengi.

Umoja wa Mataifa nao una orodha ya kazi za serikali, makundi 10, afya ni la 7. Kwa orodha hiyo boti na petroli yake hukaa pamoja. Nikiambiwa nichague jedwali moja la kubandikwa ukutani kila ofisi ya kata, ni hilo: kila huduma na vyote inavyokula, vya kujengea na vya kuendeshea, mstari mmoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kugusa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Naiacha.

Waheshimiwa wa visiwani, naomba msiondoke. Juzuu la Tatu na la Nne ninayo hapa, Fungu 81 nimelitia karatasi. Njooni kwenye meza ile ya dirishani, kila mmoja ataje boti ya kata yake, tuitafute petroli yake imeandikwa wapi.