Kichwa Kinachouma na Mlima Kilimanjaro: Nagel juu ya Kuona kwa Ndani na kwa Nje

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mtazamo wa ndani na mtazamo wa nje katika falsafa ya Thomas Nagel. Wasifu wake nautaja kwa kifupi tu: alizaliwa Belgrade mwaka 1937, akakulia Marekani, akasoma Cornell, Oxford na Harvard, ambako mwanafalsafa John Rawls ndiye aliyemsimamia tasnifu yake. Wengi wanamfahamu kwa makala ya 1974 kuhusu popo: hata tukiujua ubongo wa popo wote, na namna anavyotumia mwangwi kumnasa mdudu gizani, bado hatujui kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe. Popo nitamwacha hapo. Kazi nzito iko katika kitabu cha 1986, The View from Nowhere.

Humo Nagel anasema kwamba ndani na nje hutofautiana kwa kiwango. Mtu huanza na vile anavyoona yeye. Kisha anarudi nyuma hatua moja, anajitazama akitazama, na anapata picha mpya ambayo na yeye yumo, kama kitu kimojawapo kati ya vingi. Akitaka, anarudi nyuma tena. Fizikia imefika mbali kwa mwendo huo: imeacha ladha, harufu na rangi kama tunavyoziona, ikabaki na chembe na mawimbi. Wapo wanaosema kuwa kadiri unavyorudi nyuma ndivyo unavyoukaribia ukweli wote. Nagel anagomea hilo “wote”. Picha isiyo na kitovu, yaani isiyoonwa kutoka alipo mtu yeyote, inaweza kumtaja kila mtu aliyepo duniani, nami nimo, na jina langu na namba yangu ya kitambulisho, ila haisemi kwamba yule pale ndiye mimi.

Sasa kuna kisa anachokisimulia karibu na mwisho wa kitabu, nami nakipenda kuliko popo. Alipokuwa akifundisha Princeton, buibui mkubwa alitokea kwenye sinki la kukojolea katika choo cha wanaume. Kila mtu akijisaidia, buibui anahangaika kukwepa maji; wakati mwingine anashindwa, analowa. Miezi ikapita. Nagel akamwonea huruma, na siku moja muhula unapokaribia kwisha akachukua karatasi ya kufutia mikono, akamtegea, buibui akaikamata, akamtoa na kumweka sakafuni. Buibui hakusogea. Akamgusagusa, wapi! Kesho yake alimkuta palepale, miguu imejikunja, amekufa. Mzoga ulikaa wiki nzima mpaka sakafu ilipofagiliwa.

Nagel anakileta kisa hiki kuonyesha hatari ya kuchanganya mitazamo iliyo mbalimbali. Mimi nakisoma kwa ukali zaidi. Aliyemhurumia buibui hakuwa ametoka nje ya nafsi yake hata kidogo. Alikuwa profesa aliyejiwazia yeye mwenyewe akiishi chooni. Mtazamo wa ndani ulijivika joho la mtazamo wa nje. (Wale wanaopanga kuwahamisha watu “kwa manufaa yao wenyewe” ningewapa ukurasa huo wausome kabla ya kuanza kikao.)

Tuje kwenye maadili, ambako mlima wetu unaingia. Nagel anauliza: sababu zangu za kutenda ni sababu kwa nani? Kichwa kikiniuma, anasema, ubaya wa maumivu hayo haunihusu mimi peke yangu. Nikirudi nyuma na kuyatazama bila kujali ni ya nani, bado ni mabaya, na yeyote aliye karibu ana sababu ya kutaka yaishe. Lakini nikiwa na hamu kubwa ya kufika kilele cha Kilimanjaro, na mfano huo ni wake mwenyewe, hamu hiyo ni sababu kwangu, pengine yenye nguvu kuliko kichwa kuuma, ila wengine hawana sababu ya maana ya kujali kama nitafika au sitafika.

Nagel aliandika akimfikiria mpandaji. Hebu tumweke pale na mgumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyoitwa, kijana wa Marangu mwenye mzigo wa kilo 20 za watu wengine, na njia inaelekea Kibo Hut, mita 4,720. Kichwa kinaanza kumgonga kwa sababu ya kimo. Mgeni anataka waendelee, kwani kesho alfajiri anataka picha Uhuru, mita 5,895. Kwa kipimo cha Nagel jibu liko wazi: kichwa cha mgumu kinatudai sote, picha ya mgeni haimdai mtu. Hapo nakubaliana naye kabisa.

Ninapotofautiana naye ni hapa. Hamu ya mgeni haibaki kuwa ya mgeni. Ikishalipiwa, inageuka kuwa ajira ya kijana, karo ya mdogo wake, na bakshishi ambayo ataikosa akishushwa leo. Kwa hiyo yeye mwenyewe atakuambia kichwa hakimuumi. Mgawanyo wa Nagel unadhani kwamba tunajua maumivu yako wapi kabla hatujaanza kupima sababu, na huko mlimani mwenye maumivu ana sababu nzuri za kuyaficha. Kiongozi wa msafara hawezi kumaliza jambo hili kwa kurudi nyuma hatua nyingine. Lazima amsogelee kijana, amtazame anavyotembea, amuulize tena kijana huyo wakati mgeni hayupo, na hata hivyo asifanye kama Nagel na karatasi yake: akimshusha, amshushe na malipo yake kamili.

Mwenyekiti, nakaribisha maswali, hasa kutoka kwa watakaomtetea Nagel.