Sheria Iliyobisha Hodi Boston

Wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni.

Leo nazungumzia jinsi utumwa ulivyoifikisha Marekani kwenye vita ya kaskazini na kusini. Naanza na nguo. Bibi zetu wa pwani waliijua merikani, ile nguo nzito isiyotiwa rangi, iliyobebwa na misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na kupokelewa kama fedha. Ilishushwa Unguja na merikebu za Salem, mji wa Massachusetts, kaskazini mwa Marekani. Ilifumwa huko, lakini pamba yake ililimwa kusini na watumwa, ambao kufikia 1860 walikaribia milioni 4. Kwa hiyo mtu wa kaskazini aliyesema "kwetu hakuna watumwa" alikuwa akila jasho lao kila siku. Naomba mlishike hilo.

Tangu 1820 wanasiasa walichora mstari kwenye ramani: katika ardhi mpya za magharibi, kusini ya mstari utumwa, kaskazini yake hapana. Shauri likaahirishwa, si kumalizwa. Kisha 1850 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya watumwa waliotoroka. Isikilizeni vizuri. Anayeshtakiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kujitetea kwa kinywa chake. Hakukuwa na baraza la wazee wa mahakama. Kamishna, yaani ofisa aliyesikiliza kesi, akiamua arudishwe utumwani, analipwa dola 10. Akimwachilia, dola 5. Na raia yeyote angeweza kuamriwa asaidie kumkamata. Hapo ndipo utumwa ulipobisha hodi kwa watu waliodhani haukai mtaani kwao.

Mei 1854 walimkamata Anthony Burns huko Boston. Alikuwa kijana aliyetoroka Richmond, Virginia, akafanya kazi dukani kwa mtu mweusi aliyeuza nguo kuukuu. Usiku wa tarehe 26 umati wa weusi na weupe ulivunja mlango wa mahakama kwa gogo. Mlinzi mmoja akafa, Burns asitoke. Tarehe 2 Juni alitembezwa hadi bandarini katikati ya askari wenye singe. Watu wapata 50,000 walisimama njiani. Madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi, na jeneza lililoandikwa "Uhuru" lilining'inizwa juu ya barabara. Mtu mmoja, jamani, na jeshi zima kumsindikiza!

Mfanyabiashara mmoja wa mji ule, Amos Lawrence, tajiri wa nguo za pamba, aliandika kwamba walilala wakiwa watu wa suluhu wa chama cha Whig, wakaamka wapinga utumwa waliopandwa na wazimu. Pamba ndiyo iliyomtajirisha, na bado hakustahimili alichokiona. Wiki ile ile, tarehe 30 Mei, rais Franklin Pierce alikuwa ametia saini sheria iliyofuta ule mstari wa 1820 na kuwaachia walowezi wa Kansas, katika zile ardhi za magharibi, waamue wenyewe kuhusu utumwa. Lawrence akatoa fedha na bunduki kwa walowezi wapinga utumwa, na mji wao ukapewa jina lake. Mei 1856 watetezi wa utumwa wakauvamia na kuupora. Damu ilianza kumwagika Kansas miaka mitano kabla ya vita yenyewe.

Mtasikia ikisemwa kwamba kusini ilipigania haki za majimbo kujiamulia mambo yao. Sikubali. Massachusetts ilipotunga sheria 1855 ya kuwakinga watoro, ilitumia haki hiyo hiyo ya jimbo, na kusini ikakasirika. South Carolina, jimbo la kusini, ilipojitenga na Marekani Desemba 1860, katika tamko lake iliyataja majimbo ya kaskazini kwa majina, ikiyalaumu kwa kukataa kurudisha watumwa. Wameandika wenyewe, kwa nini tuwasemee?

Na Burns? Watu weusi wa Boston na mchungaji wao walichangisha fedha, wakamkomboa 1855 kwa dola 1,300. Alisoma Oberlin, Ohio, kisha akawa mchungaji wa kanisa la waliotoroka utumwa huko St. Catharines, Kanada. Alifariki Julai 1862, vita ikiwa bado inaunguruma, miezi mitano kabla rais Lincoln hajatia saini tangazo la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi.