Kukunja Tanga, Kukunja Hema

Mabibi na mabwana, mwanafunzi wangu mmoja aliyekwisha kukimudu Kihispania alipewa sentensi ya Kiromania: Trenul pleacă la ora zece. Akakumbuka kwamba pleacă ni ndugu wa llega ya Kihispania, akaandika bila kusita kuwa treni inafika saa nne. Treni inaondoka saa nne. Udugu aliougundua ni wa kweli kabisa. Alipokosea ni kudhani kwamba maneno yenye mzazi mmoja lazima yaseme jambo moja, na dhana hiyo nimekuwa nikiipinga kila ninapopewa nafasi ya kusimama mbele ya watu.

Mzazi mwenyewe ni plicare, kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukunja. Anayeitilia shaka nasaba hii azisikilize sauti. Mwanzoni mwa neno, pl ya Kilatini imebaki pl katika Kiromania, mara nyingi imekuwa ll katika Kihispania na ch katika Kireno. Ndiyo maana mvua, pluvia, ni ploaie kwa Waromania, lluvia kwa Wahispania na chuva kwa Wareno. Kwa mkondo huohuo plicare likazaa a pleca, llegar na chegar. Hayo mawili ya magharibi ni kufika. Hilo la mashariki ni kuondoka.

Imekuwaje? Maelezo yanayotolewa mara nyingi, nami nayapenda, yanaanzia baharini. Chombo hakiwezi kuingia bandarini huku tanga limejaa upepo, kitagonga. Kwa hiyo mabaharia hulikunja mapema, na abiria akiona mikono yao inakusanya kitambaa, naye huanza kutafuta mzigo wake, kwa kuwa safari imekwisha. Sasa mchukueni askari wa Kirumi katika Dacia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Romania, iliyotekwa na Kaisari Trajan mwaka 106. Yeye hakunji tanga, anakunja hema, na hema likikunjwa alfajiri kikosi kinang'oa kambi na kushika njia. Mikono inafanya kazi ileile, lakini mmoja amefika na mwingine ndiyo kwanza anaondoka.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba hizi ni hadithi za kupendeza tu. Namkubalia nusu. Kilatini kilikuwa na applicare kwa maana ya kuleta chombo pwani, na wapo wataalamu wanaoona kwamba llegar limepitia huko bila kuhitaji tanga lolote. Tena Egeria, mwanamke aliyehiji Nchi Takatifu mwishoni mwa karne ya 4 na kuandika habari za safari yake, analitumia plicare kwa kukaribia mahali hata pale anaposafiri nchi kavu. Lakini kwa njia yoyote ile, maana imeamuliwa na matumizi ya watu, wala mzizi haukuulizwa.

Wakatalani nao wana plegar, ambalo pamoja na kukunja ni kumaliza kazi ya siku: fundi anafunga vifaa vyake na kwenda nyumbani. Kwa Waitaliano piegare, na kwa Wafaransa plier, ni kukunja vilevile.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu na kwetu wako wanaomsahihisha Mswahili kwa kamusi ya Kiarabu. Rahisi, katika Kiarabu, ni kitu cha bei ya chini. Sisi tumeihifadhi maana hiyo na tukaongeza ile ya jambo lisilo gumu. Atakayetuambia kwamba mtihani rahisi ni makosa anatuonea, kama ambavyo angemwonea Mromania kwa kumlazimisha afike anapotaka kuondoka.

Nilikusudia kulichambua pia salire la Kilatini, kuruka, ambalo Kiromania kimelihifadhi katika a sări kwa maana ileile, ilhali salire ya Kiitaliano ni kupanda na salir ya Kihispania ni kutoka. Muda hauniruhusu, mwenye swali juu yake na aanze nalo sasa.