Kiitikio ni cha Mdomo wa Msikilizaji

Wenzangu, nianze na jambo ambalo sisi watunzi hatupendi kuambiwa: beti ni zako, kiitikio si chako. Ni cha watu ambao hawajawahi kusomea kuimba, watakaokiimba huku wakifua, nusu ya beti wameshazisahau. Ukikitunga ili kuonyesha ufundi wa koo lako, utakiimba peke yako.

Chukueni mstari huu: "Nimekusubiri kwa muda mrefu lakini hukurudi." Maana iko wazi, ila una mizani 19, yaani silabi 19, watu wataishiwa pumzi katikati. Sasa sikilizeni huu: "Rudi, taa inawaka." Mizani 8, sawasawa na kipande kimoja, yaani nusu, cha mstari wa mizani 16 wa shairi letu, na masikio yetu yamelelewa na kipimo hicho. Kungoja hakukutajwa, lakini kunaonekana. Tena unaishia na "a", inayofungua kinywa, kwa hiyo noti ya juu inavutika vizuri. Jaribu kuvuta "i" huko juu uone shingo inavyokaza!

Mkazo nao. Tunatamka ina-WA-ka. Pigo zito likiangukia "na", neno linapinda, na msikilizaji anakereka bila kujua kwa nini. Ndiyo maana huwa nasisitiza: kabla ya kutafuta tuni, kisome kiitikio kwa sauti huku unapiga makofi.

Je, kurudia kunachosha? Rudia tu, bila aibu. Kazi ya kuzuia uchovu ni ya beti. Katika ubeti wa kwanza, mama anamngoja mwanawe usiku. Katika wa pili mwana yuko ugenini, sauti ya mama inamjia. Katika wa tatu mwana amefika, mama hayupo, na sasa anayeita "rudi" ni yeye. Maneno ni yale yale matatu, ila kila yakija yamezidi uzito. (Mtunzi anayebadilisha maneno ya kiitikio kila mara, kwa maoni yangu, beti zake ndizo zilizolala.)

Halafu, baada ya mstari, acheni mapigo mawili matupu. Wapiga vyombo watatamani kuyajaza. Wakatazeni, maana hapo ndipo watu ukumbini wanapoingia kuitikia.

Haya, mwenye gitaa asogee mbele, tuvijaribu viitikio mlivyoandika.